Kasri na Mashimo: Suala la Haki katika Historia ya Usanifu Majengo

Aghalabu uhakiki wa usanifu majengo huanzia kwenye kile kinachosimama mbele ya macho. Katika eneo la kati la Bonde la Ufa, macho hulakiwa na kasri la Njoro, alilojengewa Maurice Egerton kati ya 1938 na 1954. Upande wa pili wa Nakuru, pale Hyrax Hill, yapo mabonyeo ya ardhini yanayohusishwa na Wasirikwa. Swali linalozuka ni hili: kwa nini mtafiti wa shahada ya uzamili huliita lile la kwanza jengo, na haya mengine mashimo?

Historia ya tafsiri ya mabonyeo hayo ina funzo. Mary Leakey, aliyeyafukua mnamo 1937 na 1938, aliyachukulia kuwa makazi. Utafiti wa baadaye, hasa wa J. E. G. Sutton, ulidhihirisha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Nyumba zenyewe, za vifaa visivyodumu, zilikuwa ubavuni. Zizi lilisomwa kama nyumba kwa sababu kilichosalia kilidhaniwa kuwa ndicho kilichokuwapo chote.

Kasri nalo husomwa vivyo hivyo. Kilichosalia ni jina la mwenye mali na kisa cha mwanamke anayesemekana kumkataa. Waliopanga mawe hawamo katika kisa hicho. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939 na kupata hadhi kamili mwaka 1987, kinaendeleza jina hilo katika kila shahada kinayoitoa.

Huenda ikadaiwa kwamba historia haina la kusema juu ya wasioacha maandishi. Pingamizi hili lina uzito, kwani kumbunia fundi mawazo asiyokuwa nayo ni kumdhulumu mara ya pili. Hata hivyo, kutokuwa na maandishi si kutokuwa na alama. Vichuguu vya samadi na matope yaliyozolewa kutoka mazizini ni ushahidi wa kazi ya kila siku. Ukuta wa kasri ni ushahidi wa mikono mingi.

Kwa hiyo, haki haimtaki mtafiti alijaze pengo. Inamtaka alionyeshe lilipo, na asikubali jina la mwenye nyumba lihesabiwe kuwa jibu la swali la nani alijenga.