Kutoa Albamu Yako Peke Yako ni Usaliti?



Swali hili wanakwaya wameniuliza mara nyingi, tangu niko masomo ya falsafa mpaka sasa niko Tabora: "Frateri, nikienda kurekodi albamu yangu mwenyewe, nitakuwa nimeisaliti kwaya?" Wanaouliza hawatanii. Nimeona kwaya ikimnunia mtu mpaka akahama parokia. Nimeona na mwingine akikalia kipaji chake miaka na miaka, eti asije akaitwa mwenye majivuno.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1946, Mji Mkongwe, Zanzibar, alizaliwa mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara. Dunia ilikuja kumjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki nzito ya Uingereza. (Mengine ya maisha yake tumwachie Mungu, leo nina jambo moja tu.) Mwaka 1985, baada ya miaka kama 15 na wenzake, alitoa albamu yake ya kwanza peke yake, Mr. Bad Guy. Hakuwa wa kwanza kwenye bendi, maana mpiga ngoma wao, Roger Taylor, alishatoa yake mwaka 1981. Lakini mwimbaji ndiye akitoka, watu husema bendi imekufa. Kwenye jalada Mercury aliwashukuru wenzake watatu kwa kutomwingilia. Ni utani, sawa, ila mimi nauona mzito. Kuna wakati kundi humsaidia mtu kwa kumwacha tu afanye.

Darasani tulikutana na Boethius, anayeieleza nafsi kama kiumbe mmoja, kamili, mwenye akili. Halafu tukakutana na John Mbiti wa hapa kwetu Afrika Mashariki, kwamba mtu yupo kwa kuwa jamii yake ipo. Wanakwaya wengi, hata wasiomjua, wako upande wa Mbiti, na wanamtumia kama rungu la kumpigia anayetaka kutoka. Hapo sikubaliani nao.

Tazama njia ya misafara, kutoka Ujiji, kupitia hapa Tabora, hadi Bagamoyo, na kutoka huko mizigo ikavushwa kwenda Unguja, kisiwa kilekile alikozaliwa Mercury. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa mamia, kirangozi akiwa mbele na bendera, huku wakiimba. Kusafiri peke yako ilikuwa kutafuta kifo. Hata hivyo pembe ya ndovu ilikaa kwenye bega la mtu, siyo kwenye bega la msafara. Na njia hiyohiyo walipita watu wengine, nao wakiwa pamoja: watumwa, minyororo shingoni. Wale nao walikuwa kundi! Kwa hiyo ukiniambia "tuko pamoja" bado hujaniambia kama ni jambo jema. Nitakuuliza kinachowashika pamoja ni nini. Kuna kwaya zinashikwa na wimbo, na nyingine, tuseme ukweli, zinashikwa na woga wa mwenyekiti.

Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa Yohane Paulo wa Pili, alitoa mwaka 1969 kitabu cha falsafa kuhusu mtu na tendo. Humo anaonesha kwamba mtu anaweza kupingana na kundi lake na bado akawa na mshikamano nalo, kama anatafuta mema ya wote. Anachokikataa ni kufuata mkumbo, na pia kujitenga ukawa hujali tena. Basi mimi ukiniuliza kuhusu albamu, nakurudishia maswali. Wenzako umewaambia, au watasikia redioni? Nyimbo unazopeleka studio ni zako kweli, au mlizitunga pamoja na mwalimu? Pasaka nani ataimba sauti yako? Na kwaya nayo ijiulize kama inamlilia ndugu yao au inalilia besi yake.

Mtakatifu Paulo, Wagalatia sura ya 6, mstari wa 2 anataka tubebeane mizigo. Mstari wa 5 anasema kila mtu ataubeba wa kwake. Wasomaji wengine huona anajipinga. Mpagazi asingeona hivyo.

Tumalizie ya Mercury. Albamu yake ilitoka Aprili, na tarehe 13 Julai mwaka huohuo alikuwa na wenzake jukwaani Wembley kwenye Live Aid, onyesho ambalo watu wanalisimulia mpaka leo. Kuanzia albamu ya The Miracle, mwaka 1989, walikubaliana kila wimbo uandikwe kwa jina la Queen, bila kutaja nani katunga. Alifariki Novemba 1991. Mwaka 1995 wale watatu walipotoa albamu ya mwisho yenye sauti yake, walirudi kwenye Mr. Bad Guy, wakachukua nyimbo mbili alizozirekodi bila wao, wakaiacha sauti yake ilivyokuwa, wakapiga vyombo vyao upya chini yake.