Bahari ni Mtaji wa Nani?

Mvua inayonyesha Mutuka haifiki baharini. Maji yake hubaki katika Bonde la Kati na kuishia kwenye maziwa ya huku huku bara. Mkulima wa mahindi na mbaazi wa kata hii ya mji wa Babati anaweza kumaliza umri wake bila kuona tumbawe. Hata hivyo, swali zito kuliko yote kuhusu hifadhi za bahari liliulizwa na kujibiwa wilayani Babati, msituni, miaka 30 hivi iliyopita. Jibu lake linawahusu watu wa Mafia na Mtwara moja kwa moja.

Tuanze na wazo lenyewe. Wachumi wa mazingira wanasema maumbile ni mtaji. Matumbawe, mikoko na nyasi bahari ni akiba inayozaa kila mwaka: samaki, kinga dhidi ya mawimbi, hewa ya ukaa inayofungiwa matopeni, watalii. Anayevua kiasi kinachozaliwa anakula faida. Anayezidisha anakula mtaji. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake waliikadiria thamani ya huduma za maumbile dunia nzima, wakapata dola trilioni 33 kwa mwaka, karibu theluthi mbili zikitoka baharini. Mchumi Michael Toman aliwatania kwamba wamepunja bei ya kitu kisicho na ukomo. Utani ule una hoja ndani yake. Bei hupatikana kwa kuuliza mtu atatoa nini ili asikose kitu fulani. Bahari yote ikiondoka, habaki wa kulipa wala wa kulipwa. Kwa hiyo hesabu hii ina maana tunapopima kipande: ghuba hii, mwamba ule, msitu huu wa mikoko. Na kila kipande kina watu wake.

Wazo la mtaji halihitaji kufundishwa Mutuka. Kila nyumba inajua kwamba mbegu hailiwi, hata mwezi wa njaa. Ila mbegu na mwamba wa baharini vinaachana mahali pawili. Kwanza, mbegu ikiliwa yote, msimu ujao kuna duka. Mwamba uliopigwa baruti hauna duka. Herman Daly, mchumi wa Marekani, alilieleza jambo hili kwa uvuvi: zamani kilichopunguza mavuno kilikuwa uchache wa mashua, siku hizi ni uchache wa samaki, na mashua mpya haizai samaki. Anayedhani mtaji wa aina moja unaweza daima kuziba pengo la mwingine anajenga boti za kuvulia maji matupu. Pili, mbegu ina mwenyewe. Anayelala njaa ili asiiguse ndiye atakayevuna. Baharini, mara nyingi anayefunga mkanda ni mmoja na anayevuna ni mwingine.

Hapo ndipo Duru-Haitemba inapoingia. Ni msitu wa miombo wa hekta 9,000 hivi wilayani Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliazimia kuufanya hifadhi yake. Mipaka ilipoanza kupimwa, wanakijiji walielewa kwamba msitu unahama mikononi mwao, na ukataji ukaongezeka badala ya kupungua. Aliyekuwa akikata boriti moja ya nyumba alikata na za mwakani, maana mwakani hangeruhusiwa kuingia. Mwaka 1994 maofisa walikubali kurudi mezani. Vijiji vinane, vikiwamo Duru, Riroda na Gidas, vilikabidhiwa kila kimoja sehemu yake, vikatunga sheria ndogo, vikaweka walinzi wao na kuamua mifugo ichunge wapi na lini. Msitu ukaanza kurudi. Mtindo huo ukapata nafasi rasmi katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Tujiulize kilichobadilika. Miti ilikuwa ile ile, na hakuna mtaalamu aliyeleta jedwali jipya la thamani. Wakataji walijua tangu mwanzo kwamba msitu una faida, na ndiyo maana waliukimbilia. Kilichobadilika ni nani atakayeikuta faida hiyo kesho. Thamani kubwa isiyo na mwenyewe ni mwaliko wa kuvamia. Thamani hiyo hiyo ikiwa na mwenyewe huwa sababu ya kungoja.

Twende na jibu hilo pwani. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, ilitangazwa mwaka 1995 chini ya sheria ya mwaka 1994, ikiwa na kilomita za mraba 822 na vijiji ndani yake. Kuna maeneo ambayo uvuvi umekatazwa kabisa, na mengine wenyeji huvua kwa masharti. Kwa hesabu ya mtaji, mpango huo unaleta maana: samaki wakubwa wazae hapa, watoto wao wavuliwe pale, mtalii alipe kiingilio. Mwaka 2012 watafiti Tor Benjaminsen na Ian Bryceson walionyesha jinsi uhifadhi wa bara na wa pwani nchini unavyoweza kuwanyang'anya wenyeji rasilimali taratibu, kwa jina zuri. Mvuvi aliyewekewa mpaka wa hifadhi anaufahamu mtaji vizuri. Anachouliza ni lini alihesabiwa kuwa mbia.

Nisieleweke kwamba namba hazina kazi. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, Mtwara, kunachimbwa gesi. Mezani kwa wizara, gesi huja na namba zake. Matumbawe yakija bila namba husomwa kuwa sifuri. Kumpa mwanasheria wa mazingira takwimu za kusimamia ni jambo jema. Ila namba inayomwokoa mtu dhidi ya sifuri yaweza kumwangamiza dhidi ya namba kubwa zaidi. Ukikubali kwamba bei ndiyo mwamuzi, siku gesi ikipanda umejifunga mwenyewe. Kwa hiyo namba iingie kama shahidi, na shahidi hatoi hukumu.

Mahali ambapo namba na haki ya mwenyeji vimekutana vizuri ni Gazi, Kwale, nchini Kenya. Tangu mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa ya hekta 117 za mikoko, na fedha huenda kwenye maji na shule. Bei ya ukaa ilifaa kwa sababu ilimkuta mtu aliyekwisha kutambuliwa. Huko Kisiwa Panza, Pemba, jamii hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza, anayekua haraka mno, aongezeke uzito. Siku ya kufungua, wakati wa bamvua, wanawake hutembea juu ya mwamba maji yakiwa kwenye vifundo, wakichokoa kila tundu kwa fimbo. Katika ufungaji wa aina hii, mgogoro mgumu huwa siku hiyo hiyo: wa kijiji jirani, ambaye hakungoja, aingie au asiingie? Hakuna mizani ya kilo inayolijibu hilo. Hujibiwa na kamati inayotambulika na kuogopwa.

Mtu atapinga kwamba bahari si msitu: jodari hajui mpaka wa kijiji, anahama nchi hadi nchi. Ni kweli, na kwa jodari kunahitajika serikali na mikataba ya mataifa. Ila mwamba hauhami, mikoko haihami, na pweza haendi mbali. Huko utawala unaweza kuanza kwa aliye karibu.

Basi mpangilio ndio ninaoutetea. Haki ya mwenyeji itangulie kuandikwa, iwe na kamati, mpaka na uwezo wa kumkatalia mgeni. Hesabu ije baada yake, imsaidie mwenye haki kujua anatunza nini na kuwajibu wenye gesi na hoteli. Na katika daftari hilo ibaki safu moja isiyojazwa bei, ya vitu ambavyo vikiharibika hakuna fedha itakayovirudisha. Ukianza na bei, unampa mnunuzi wa kwanza orodha ya vitu vya kununua.