Mkono Unajua Nini?

Kufagia nyuzi ni mbinu ya kupiga gitaa ambayo piki, yaani kile kipande kidogo cha plastiki kinachobanwa kati ya gumba na kidole cha shahada, hupitishwa kwenye nyuzi zinazofuatana kwa mwendo mmoja usiokatika, kila uzi ukitoa noti moja. Kwa kawaida noti hizo ni za kordi moja ambayo, badala ya kulia kwa pamoja, inatolewa noti baada ya noti. Mfuatano huo huitwa arpejio. Katika upigaji uliozoeleka piki hushuka na kupanda kwa zamu, pigo kwa pigo. Katika kufagia, hushuka mfululizo kutoka uzi mnene hadi mwembamba, kisha hupanda mfululizo kurudi ilikotoka. Wapiga jazi wa Marekani kama Tal Farlow na Barney Kessel waliitumia katika miaka ya 1950. Frank Gambale wa Australia aliipanua na kuifundisha, na katika miaka ya 1980 Yngwie Malmsteen wa Sweden na Jason Becker wa Marekani waliifanya kuwa alama ya gitaa la roki la kasi.

Mbinu yote inaweza kuelezwa kwa dakika tano. Mtu anaweza kuielewa bila dosari, akaweza hata kumweleza mwenzake, na baada ya miezi akawa bado hawezi kuifanya. Kinyume chake, aliyekwisha kuiweza mara nyingi hukwama akiulizwa anafanyaje. Mmoja ana maelezo bila uwezo, mwingine ana uwezo bila maelezo. Tofauti hiyo ndiyo inayozua swali la falsafa: anayejua kupiga anajua nini hasa, na ujuzi huo unakaa wapi?

Mfano mdogo unatosha kuonyesha kinachojifunzwa. Kordi ya A maina ina noti tatu: A, C na E. Shingo ya gitaa hugawanywa na vyuma vidogo viitwavyo freti. Kwenye nyuzi tatu nyembamba, kidole cha pete kinashika A kwenye freti ya 14 ya uzi wa tatu, cha kati kinashika C kwenye freti ya 13 ya uzi wa pili, na cha shahada kinashika E kwenye freti ya 12 ya uzi wa kwanza. Piki inaushukia uzi wa tatu, inauvuka na kutua juu ya wa pili, inauvuka huo nao na kutua juu ya wa kwanza, kisha inaupita. Hapo kidole kidogo kinagonga freti ya 17 ya uzi huohuo na A ya juu inalia bila piki. Kinapoondoka kinaukwanyua uzi, na E inalia tena. Piki inapanda kupitia uzi wa pili, C inalia, na duara linaanza upya kwenye A ya chini. Ni noti sita kwa duara: A, C, E, A, E, C.

Lililo gumu zaidi halionekani. Kila kidole cha mkono wa kushoto hulazimika kulegea mara tu noti yake inapokwisha, lakini bila kuuacha uzi, ili uzi unyamaze. Kikichelewa, noti mbili zinalia pamoja na arpejio inageuka kordi iliyokwaruzwa. Kikiwahi, noti inakatika kabla ya kusikika. Wakati huohuo ubavu wa kiganja cha kulia hulala juu ya nyuzi nene kuzizuia zisilie, hasa kwenye gitaa la umeme lililopandishwa ukali, ambako hata mguso wa bahati mbaya hunguruma.

Kazi, kwa hiyo, imegawanywa isivyo sawa. Mkono wa kulia una tendo moja tu. Wa kushoto ndio unaolikata tendo hilo kuwa noti. Anayeanza kwa kawaida hukosea hapo: anapiga mapigo matatu mbiombio na kuyaunganisha. Akiambiwa apunguze kasi, hulikomaza kosa lilelile, kwa sababu polepole ipo nafasi ya kuinua piki kati ya uzi na uzi, na mwendo wenye kuinua hauwi kufagia hata ukiongezwa kasi namna gani. Mazoezi ya polepole yanayofaa ni yale ambayo piki, inapouacha uzi mmoja, tayari imetua juu ya unaofuata, na ule uzito wa mkono unaendelea kuisukuma. Wahenga wamesema haraka haraka haina baraka, lakini hapa hata polepole haina baraka isipobeba ndani yake umbo la tendo la haraka.

Hali hiyo inarudisha fumbo ambalo Aristotle alilijadili katika kitabu chake Metafizikia kwa mfano wa mpiga kinubi. Mtu hujifunza kupiga kinubi kwa kukipiga. Lakini asiyejua atakipigaje? Na kama anakipiga, basi amekwisha kujua, hana cha kujifunza. Anayejifunza kufagia nyuzi amebanwa na fumbo hilo barabara: anatakiwa kufanya polepole tendo ambalo umbo lake hujulikana na wanaolifanya haraka. Katika kitabu chake cha maadili, Aristotle alitoa njia ya kutokea. Mtu anaweza kuandika sentensi sahihi kwa bahati, au kwa kuelekezwa na mwingine. Huwa mjuzi wa sarufi pale tu anapoiandika kwa sarufi iliyomo ndani yake. Tendo, basi, linaweza kutangulia ujuzi. Mwanafunzi huanza kwa ujuzi wa kuazima, wa mwalimu anayemshika kifundo cha mkono na kumwonyesha pembe ya piki, na deni hilo hulipwa kidogo kidogo.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichukua jambo hilohilo na kulipeleka kwenye dini. Katika kitabu chake Ihya, mahali anapozungumzia kuirudi nafsi, anamtaja mtu anayetaka kuwa mwandishi wa hati nzuri. Mtu huyo hana njia ila kuufanyisha mkono wake, kwa kujilazimisha, yale anayofanya mwandishi stadi, tena na tena kwa muda mrefu, mpaka sifa hiyo ijijenge ndani yake na hati nzuri imtoke bila kujikaza. Ghazali hakuwa na haja ya kufundisha hati. Alitaka kuonyesha jinsi bahili anavyoweza kuwa karimu na mwenye kiburi kuwa mnyenyekevu: atende kwanza tendo la mkarimu, ingawa moyo unasita. Maelezo yake ni ya mzunguko. Kila sifa iliyomo moyoni hutiririkia viungoni, na kila tendo la viungo athari yake hupanda moyoni.

Takriban karne tatu baadaye, mwanahistoria Ibn Khaldun alikipa kinachobaki moyoni nafasi kubwa katika kitabu chake Mukadima. Alikiita malaka, neno lenye mzizi mmoja na milki ya Kiswahili: jambo lililorudiwa mpaka likamilikiwa. Aliona kwamba malaka huipaka nafsi kama rangi, na kwamba aliyepakwa rangi moja vizuri ni nadra kukubali nyingine kwa ukamilifu. Fundi cherehani aliyebobea hawi kwa urahisi seremala bingwa. Wapiga gitaa wanaijua taabu hiyo. Aliyezoea kwa miaka kupandisha na kushusha piki kwa zamu hupata shida zaidi kufagia kuliko asiye na mazoea yoyote, kwa sababu mkono wake una rangi tayari. Mazoea yana taabu, na sehemu ya kujifunza ni kuusahaulisha mkono.

Hapo panazuka pingamizi. Kama ujuzi huu ni zao la kurudia tu, je, unastahili kuitwa ujuzi? Ng'ombe naye akizoezwa hurudi zizini. Mwanafalsafa wa Uingereza Gilbert Ryle, katika kitabu chake The Concept of Mind cha mwaka 1949, alishambulia pande zote mbili za pingamizi hilo. Kwanza, alikataa kwamba tendo la akili lazima litanguliwe na kuisoma kanuni kichwani. Kama ndivyo, kuisoma kanuni nako ni tendo, linaloweza kufanywa kwa busara au kipumbavu, na hivyo lingehitaji kanuni nyingine ya kuliongoza, na hiyo nyingine tena, bila mwisho. Pili, alitenganisha mazoea matupu na uwezo wenye akili. Mazoea hutoa tendo lilelile kila mara. Uwezo wenye akili hujirekebisha. Mpiga gitaa anayesikia noti mbili zikigandana hulegeza kidole mapema zaidi katika duara linalofuata. Akipewa gitaa lenye nyuzi nzito, hubadilisha pembe ya piki kabla hajaambiwa. Palipo na usahihi, kosa na kusahihishwa, pana ujuzi.

Kujirekebisha huko, hata hivyo, hakuwezi kufanyika ndani ya noti moja. Metronomu, yaani kifaa cha kuhesabu mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, na duara moja likipigwa kwa kila pigo, noti ni 6 kwa sekunde. Kwenye mapigo 120 ni 12 kwa sekunde, kila moja ikichukua milisekunde 83 hivi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani Karl Lashley alionyesha uzito wa hesabu za namna hiyo. Vidole vya mwanamuziki, alisema, vinaweza kufikia mapigo 16 kwa sekunde, na muda huo hautoshi hisia ya pigo moja kwenda ubongoni na kurudi kuamuru lingine. Nadharia kwamba kila mwendo huamshwa na uliotangulia, kama pete za mnyororo, haikuweza kusimama. Mfuatano wote lazima uwe umepangwa kabla haujaanza.

Hilo linaeleza kwa nini kufagia kunaharibika kunapochunguzwa. Michael Polanyi, mkemia wa Hungaria aliyegeukia falsafa, alitumia mwaka 1958 mfano wa mpiga piano anayehamisha mawazo kutoka kwenye muziki kwenda kwenye vidole: huchanganyikiwa na pengine hulazimika kuacha. Kwa Polanyi kuna yale ambayo mtu huyaangalia na yale ambayo huyategemea ili aweze kuangalia. Vidole ni vya kutegemewa. Mwanafunzi anapitia hatua mbili zinazopingana: kwanza kila kidole huangaliwa peke yake hadi kiijue saa yake ya kulegea, baadaye uangalizi huo lazima uondolewe, la sivyo ukuta unabaki pale metronomu ilipoishia wiki iliyopita. Kasi huja mawazo yanapohama kutoka kwenye noti kwenda kwenye duara zima.

Jibu la kuvutia kwa swali la mwanzo lingekuwa, basi, kwamba ujuzi unakaa mkononi. Maisha ya Jason Becker yanalizuia jibu hilo. Becker, aliyezaliwa California mwaka 1969, alitoa albamu yake Perpetual Burn mwaka 1988, kabla hajatimiza miaka 20. Arpejio zake za kufagia bado ni kipimo cha wanaojifunza. Akiwa na miaka 20 aligunduliwa kuwa na ALS, ugonjwa unaoua taratibu neva zinazoendesha misuli. Alipoteza uwezo wa kupiga, kisha wa kutembea, kisha wa kusema. Baba yake alibuni mfumo wa kutaja herufi kwa mwendo wa macho, na kwa macho hayo Becker aliendelea kutunga. Albamu yake Triumphant Hearts ya mwaka 2018 ilipigwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wengine.

Je, Becker anajua kufagia nyuzi? Mwaka 2001 wanafalsafa Jason Stanley na Timothy Williamson walimpinga Ryle kwa kisa cha kufikirika kinachofanana na hiki: mpiga piano bingwa anayepoteza mikono yote miwili katika ajali bado anajua kupiga piano, ingawa hawezi. Kwao, kujua kufanya ni kujua ukweli fulani, kwamba njia hii ndiyo njia ya kulifanya jambo. Hoja hiyo inaona sawasawa kwamba ujuzi na uwezo vinaweza kuachana. Wanaisimu wa Kiswahili wana jozi ya maneno inayofaa hapa: umilisi, yaani lugha aliyonayo mtu akilini, na utendi, yaani anavyoitumia. Anayepoteza sauti hajapoteza Kiswahili.

Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini aliyepewa maelezo ya dakika tano, ambayo yote ni kweli, hana alicho nacho Becker. Pengo hilo hujazwa na mzunguko wa Ghazali. Katika mzunguko huo njia ni mbili, na hazitegemeani kwa namna moja. Ile inayopanda kutoka kiungoni kwenda moyoni haina mbadala: hakuna anayejua uzito wa piki inayotua juu ya uzi wa pili bila kiungo kilichoitua mara maelfu. Ile inayoshuka kutoka moyoni kwenda kiungoni inaweza kukatika, na kilichokwisha kupanda hakipotei nayo. Kwa Becker njia ya kwanza ilikamilika kabla ya ugonjwa. Ya pili ilipofungwa, ilichepukia machoni, ikapita kwenye herufi, ikaishia kwenye mikono ya watu wengine.