Waliolala Chini ya Tope

Nilimuuliza babu yangu watu wa zamani walijenga wapi karibu na delta ya Mto Simiyu, kabla mto haujaingia Ziwa Victoria. Hakufikiri sana. "Mjukuu wangu, luseni unajenga, mbugani unalima. Nani alale kwenye maji?"

Kwa Wasukuma, luseni ni udongo wa kichanga wa mwinukoni. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, ambao masika hugeuka tope.

Waakiolojia nao huanza hivyo hivyo. Kabla ya kuchimba husoma ardhi: ukingo ulioinuka wa mkondo uliokufa, ufuko wa kale ulioachwa na ziwa, kisiwa katikati ya mto. Kisiwa cha Kansyore, katika Mto Kagera, ndicho kilichotoa jina la vyungu vya wavuvi na wawindaji waliozunguka ziwa hili maelfu ya miaka iliyopita.

Njia hiyo naiamini. Kinachonisumbua ni kwamba mto hauwatunzi watu wote sawasawa. Vigae vya aliyejenga mwinukoni huibuliwa na jembe. Aliyepiga kambi deltani msimu mmoja wa samaki, katika kibanda cha matete, amefunikwa na tope la mafuriko mengi. Ziwa nalo hupanda: mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache tu.

Basi ramani ikibaki tupu, tuna haki ya kuandika "hapakuwa na watu"? Kwa maneno hayo hayo wakoloni walitwaa ardhi za watu Afrika. Uaminifu unadai tuandike "hapa hatujafika", hata kama sentensi hiyo inatuaibisha.

Tena kuna waliofika kwa kusikiliza. Huko Katuruka, mkoani Kagera, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Peter Schmidt alifuata masimulizi ya wazee wa Kihaya, akachimba na kukuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa takriban miaka 2,000 iliyopita. Umbo la ardhi lingemwambia pa kujenga. Wazee walimwambia pa kuheshimu.

Nilirudi kwa babu. Je, wavuvi walilala wapi?

Akacheka. "Huko huko mbugani, majini. Mara ya kwanza uliniuliza nyumba, hukuniuliza watu."