Pombe na Bia: Je, Jina Hugeuza Kitu?

Jioni moja, tukipita Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, tulimsikia mtu wa makamo, mwenye chupa tatu tupu mezani pake, akimwambia kijana mmoja, "Mwanangu, mimi pombe sinywi. Nanywa bia tu." Kijana akauliza kwa adabu, "Kwani, mzee, bia si pombe?" Wenzake wakacheka, na yule mzee akaagiza chupa ya nne. Sisi hatukucheka. Swali la kijana lilikuwa swali la haki, nalo halikujibiwa.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Sisi tulilipata kwa Waingereza, na hao hapo kale walikuwa na maneno mawili, "ale" na "beer". Katika karne ya 15 na ya 16, desturi ya kutia maua ya mmea uitwao hopsi ilienea kwao kutoka Uholanzi na nchi jirani zake. Kilichotiwa hopsi kikaitwa "beer". Kisichotiwa kikabaki "ale". Baadaye mpaka huo ulifutika. Tena, neno hilo hilo huitwa kinywaji cha tangawizi ambacho siku hizi watoto hukinywa bila kulewa. Na msemo wao wa "bia ndogo", uliokuwa jina la bia hafifu, siku hizi maana yake ni jambo dogo lisilo na uzito. Basi hata kwa wenye neno, jina halisemi kilichomo ndani ya kikombe.

Kwetu, neno pombe ni pana. Mbege ya Uchagani, ipikwayo kwa ndizi na ulezi, ni pombe. Ulanzi wa Iringa, ugemwao katika mianzi, ni pombe. Bia ilikuja na chupa. Kiwanda cha Kenya kilianzishwa mwaka 1922, na Dar es Salaam ikapata chake katika miaka ya 1930. Sheria za kikoloni ziliweka vinywaji vya wenyeji upande mmoja na vya Wazungu upande mwingine. Pombe iliuzwa vilabuni kwa leseni. Chupa ikawa alama ya bwana mkubwa. Sheria hizo zimekwisha, lakini heshima ile bado imeshikamana na neno. Ndiyo maana mzee wetu aona fahari kukana pombe huku akinywa bia.

Lakini chachu haijui heshima. Katika pipa la kiwandani kama katika mtungi wa mbege, chachu hula sukari ya nafaka au ya tunda na kutoa kileo. Chupa ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za kileo kitupu. Chupa nne zina mililita 100. Kileo hicho kikiingia mwilini hakiulizi kama kilitoka katika chupa au katika kibuyu.

Labda msomaji atasema, "Bia hupikwa kwa usafi, na kipimo chake hujulikana." Ni kweli, wala si jambo dogo, gongo imewapofusha na kuwaua wengi. Lakini usafi ni jambo moja na kiasi ni jambo lingine. Maji safi nayo humzamisha mtu. Tena yatupasa kuona dhuluma iliyojificha humo: mama apikaye pombe ili alipe ada ya mwanawe hudharauliwa mtaani, na yule anywaye bia mpaka akapepesuka huitwa mheshimiwa.

Hatusemi kwamba kunywa ni dhambi. Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, na kitabu cha zamani cha ibada cha Kanisa kilikuwa na sala ya kubariki bia. Twasema tu kwamba asemaye uongo juu ya jina la kitu amekwisha kuanza kujidanganya juu ya kitu chenyewe. Asiyekubali kwamba anakunywa pombe, atajiulizaje kama amezidisha?

Mwisho, Kiswahili kilikuwa na neno bia kabla ya chupa kufika. Kula bia ni kula pamoja, kila mtu akitoa fungu lake. Ndipo lilipotoka neno ubia. Maneno haya mawili yamefanana kwa bahati tu, lakini yatufundisha. Katika ubia wa haki, kila mshirika huulizwa kabla ya kutoa, na kila atoaye hupata sehemu yake. Sasa zitazame chupa nne za yule mzee. Nani alichanga? Mkewe alichanga fedha ya unga, na mwanawe alichanga daftari. Hakuna aliyewauliza, wala hawakuonja hata tone. Huo si ubia.

Wazazi wapenzi, mtu akileta chupa mezani, na aiite kwa jina lake. Kisha, kabla ya kuifungua, awaulize washirika wake walioko nyumbani kama wameridhika na fungu lao. Ajibiwapo kwa kimya, na akitazame kimya hicho vema kabla hajaagiza nyingine.