Randa za Kuazima

Siku ya wakaguzi tuliamshwa kabla ya alfajiri. Mudiri wetu alikuwa ameazima randa nne na misumeno kutoka karakana moja ya mjini, nasi wanafunzi wa useremala tukazibeba katika magunia hadi chuoni. Jioni tukazirudisha. Chuo kilisifiwa! Baada ya isha mudiri huyohuyo akatudarisisha juu ya amana, nami nikaitikia amina kwa sauti.

Ndugu msomaji, uongo ule ulikuwa wa nani?

Wenzangu husema, ah, wacha we, mzee aliokoa chuo. Kingefungwa, watoto wa maskini wangekwenda wapi? Hoja hii siidharau. Pale Mombasa, chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Aga Khan na Sultani wa Unguja walikitolea fedha, maana vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki walikuwa wameachwa nyuma. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mlango wa namna hiyo nani atapenda ufungwe kwa ajili ya randa nne?

Lakini mimi nilitoka na somo langu. Mwezi uliofuata nilitengeneza kiti, mguu mmoja ukacheza kwenye tundu lake. Nikajaza vumbi la mbao na gundi, nikapaka vanishi. Kiking'aa, we! Fundi wetu, mzee wa maneno machache, akakikalia tu. Kikalia.

"Hiki umemtengenezea nani, mwanangu?"

Nikanyamaza. Akaking'oa miguu yote, akanirudisha mwanzo. Mzee huyu kila asubuhi, kabla yetu kufika, alikuwa amekwisha kunoa randa pekee ya chuo. Hakuna aliyemkagua. Darsani tulifundishwa neno itkani, yaani kuifanya kazi mpaka itimie. Mimi nililielewa pale kwenye jiwe la kunolea. Basi kiongozi wa chuo chetu alikuwa nani hasa? Mwenye ofisi, au huyu?

Hata hivyo, simtupii mudiri mzigo wote. Magunia niliyabeba mimi, na nilicheka njiani.

Ila kuna jambo wanaomtetea hawalisemi. Wakaguzi waliandika kwamba vifaa vinatosha. Kwa hiyo hatukupewa hata msumari, na darasa lililotufuata, vijana kumi na wanane, walipokezana randa ile ile moja.