Muulizeni Unga Umetoka Wapi

Wanangu, kijana haharibiki usiku mmoja. Hapa Mackinnon Road nimewaona wengi wakikua, na njia ni ile ile tangu zamani. Mtoto wa darasa la sita anarudishwa nyumbani kwa pesa ya mtihani, anashuka barabarani kuuza maji ya chupa kwa malori ya Mombasa na Nairobi, pale madereva wanaposimama kuomba dua na kutoa sadaka msikitini kwa walii Sayyid Baghali Shah. Kazi ya halali hiyo. Kisha mtu mzima anamwambia, "Nishikie huu mtungi, dakika tu." Mtungi ni wa dizeli inayonyonywa kwenye tangi huku dereva amelala. Mtoto anapewa mia mbili, ananunua pakiti ya unga, anakwenda nao kwao.

Mama anateleka sufuria. Hakuna anayeuliza.

Simlaumu. Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, huku kwetu Kinango nzima ng'ombe walikufa na mahindi yakakauka yangali machanga. Na baba naye, mkono mtupu haulambwi. Aliyerudi bila kitu huona haya kumhoji aliyerudi na kitu. Basi watu wanakula, wanashukuru, na mtoto analala akijua kwamba kwao chakula hakiulizwi kilikotoka.

Baada ya dizeli zinafuata nyaya na vyuma vya reli. Nani ananunua? Si mtoto mwenzake. Ni mtu mzima mwenye mizani. Januari 2022, nguzo za umeme zilipoanguka, ikadaiwa vyuma vyake vimeibwa, na nchi ikakaa gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Miezi michache baadaye ikafunguliwa, na mizani zikarudi. Siku ya kukamatwa, mnunuzi yuko kwake anakunywa chai. Anayepigwa mawe barabarani ni kijana, na baadhi ya wanaomtupia walishanunua kwake dizeli ya bei ya chini.

Sheria imejaribu kuwa na huruma. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 habebeshwi jinai, na mkubwa kidogo anaweza kurekebishwa nje ya mahakama, wazazi wakihusishwa. Lakini sheria huja mambo yakishaharibika. Kijana akitoka Borstal ya Shimo la Tewa, kule wanakofungwa vijana, anaikuta sufuria ile ile tupu, na mwenye mizani yuko pale pale.

Kwa hiyo nawasihi. Mzazi, muulize mwanao siku ya kwanza, si ya kumi, na umuulize kwa upole, kwa maana naye alikuwa na njaa. Mwenye mizani, mrudishe mtoto na chuma chake. Jirani, ukiona mtoto yuko barabarani saa za shule, mshike mkono umpeleke kwao. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na makaburini kwetu tumeshalia vya kutosha.